Bustani ya mboga nyuma ya nyumba springi hii, niko Columbus Ohio, nianzie wapi?

MamaWawili_OH

Habari zenu wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni msaada wa wenye uzoefu.

Tumehamia nyumba ya kupanga hapa Columbus tangu mwezi wa kumi na moja, ina uwanja nyuma, sio mkubwa sana ila unatosha, jua linapiga kuanzia asubuhi mpaka kama saa tisa mchana halafu kivuli cha mti wa jirani kinaingia. Mwenye nyumba kasema nilime nikitaka mradi upande wa mbele nisiguse nyasi zake. Mimi mtu wa Muheza jamani, nimekulia kwenye mchicha, matembele na kisamvu, mboga kwetu unatoka mlangoni unachuma. Hapa nanunua mchicha duka la Waafrika fungu dogo limeshanyauka na bei inatia uchungu, matembele ndio yale ya kugandishwa, watoto wanakua hawajui ladha ya mboga iliyochumwa leo.

Sasa wiki hii jua limetoka watu wamevaa mpaka fulana, mume wangu anasema tuchimbe sasa hivi tumwage mbegu, mimi moyo unasita maana juzi tu kulikuwa na theluji. Ninachotaka kupanda ni mchicha, matembele, sukuma, bamia, nyanya chungu, nyanya za kawaida na mbaazi. Hela sina nyingi. Nianze na nini, ninunue nini, na ni kweli tunaweza kupanda sasa hivi katikati ya mwezi wa tatu?

---

HTX_Mswahili

Dada mimi niko Houston, nakuambia hili moja tu kabla wataalam hawajaja, usifuate video za watu wa kusini. Huku kwetu miche ya nyanya inaingia ardhini mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwezi wa saba joto la usiku linakuwa kali mpaka maua ya nyanya yanadondoka hayafungi. Wewe wa Ohio msimu wako ndio utakuwa unaiva. Tafuta mtu wa huko huko kwenu.

---

Mzee_wa_Matuta

Marahaba binti yangu. Niko hapa hapa Columbus, nimelima uani miaka mingi na mimi asili yangu ni Korogwe kwa hiyo tunaelewana.

Kwanza mume wako mwambie jembe aliweke kwanza. Udongo wa hapa sehemu kubwa ni mfinyanzi mzito, ukiukanyaga na kuuchimba ukiwa bado na maji ya theluji unashikana, ukija kukauka ni mabonge magumu na mizizi haipenyi msimu mzima. Kipimo chake hakina gharama, chukua konzi ya udongo kutoka chini kidogo, fumbata kwa nguvu, halafu libonyeze hilo donge na kidole gumba. Likivunjika vunjika chimba. Likibaki linang'aa na alama ya kidole, ngoja wiki nyingine upime tena.

Pili, na hapa naomba msome wote mnaotoka pwani. Sisi tulizoea kusikiliza mvua, masika ikikaribia unasafisha shamba, ikinyesha unapanda, basi. Hapa mvua na maji ya theluji vipo kuanzia mwezi wa tatu na havikuambii kitu. Kinachoamua ni joto, tena sio lile la mchana linalowavua watu makoti, ni joto la udongo wenyewe na baridi ya usiku. Mwezi wa tatu hapa unaweza kupata siku ya nyuzi 70 kwa hesabu yao na kesho yake theluji. Frosti ya mwisho, ile baridi ya usiku inayogandisha umande kwenye majani, kwa kawaida inaangukia kati ya mwisho wa mwezi wa nne na siku kumi za kwanza za mwezi wa tano, ndio maana wenyeji hawatoi nyanya nje mpaka Siku ya Mama ipite, ile Jumapili ya pili ya mwezi wa tano. Mimi kwa bamia na mchicha naongeza hata wiki moja juu ya hapo. Upande wa pili frosti ya kwanza inarudi kama katikati ya mwezi wa kumi. Kwa hiyo una miezi kama mitano ya mboga za joto, ukiipanga vizuri inatosha kabisa.

Sasa hiyo orodha yako igawe. Sukuma peke yake ndio haiogopi baridi. Hiyo unaweza kuitoa nje mwezi wa nne, pamoja na spinachi, karoti, vitunguu, figili, saladi, njegere ukipenda. Mingine yote uliyotaja ni watu wa joto, ukiwalazimisha mbegu inaoza chini au inachipua halafu inadumaa, na mmea uliodumaa na baridi utotoni unachukua muda mrefu sana kurudi, wa jirani aliyepanda wiki tatu baada yako unakupita.

Nunua kipima joto cha udongo, ni kile cha msumari mrefu, bei ndogo. Kichomeke inchi mbili tatu asubuhi, sio mchana. Mchicha unataka udongo ufike 65 Fahrenheit, ndio kama 18 kwa Selsiasi. Bamia vilevile na zaidi, ikifika 70 anafurahi.

Kingine utaona kwenye pakiti na mitandaoni wanaongelea zone, sijui zone 6. Hiyo ni ramani ya USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, ya baridi kali kabisa ya winta, inamsaidia anayepanda mti wa matunda utakaokaa nje miaka. Kwa mboga ya msimu haikuambii lini upande, wewe angalia tarehe ya frosti ya mji wako.

Na uanze kidogo. Matuta mawili ya futi 4 kwa 8 yanatosha familia yenye watoto wawili kwa mwaka wa kwanza. Futi 4 kwa sababu unafika katikati kwa mkono ukiwa umesimama pembeni, hukanyagi udongo. Watu wanalima uwanja mzima mwezi wa tano kwa furaha, mwezi wa saba jua kali na magugu yanawashinda wanaacha, inaniuma sana kuona.

---

SukumaNaUgali

Mimi ni Mkenya niko Minnesota, huku baridi ni zaidi yenu na bado sukuma nakula hadi mwezi wa kumi na moja. Nataka niongezee kwa sukuma maana watu huwa wanachanganyikiwa dukani.

Ile sukuma ya nyumbani ukienda hapa tafuta pakiti imeandikwa Collards, aina kama Georgia au Champion, ndio ladha na jani linakaribia kabisa. Kale ile ya kujikunja iko sawa lakini si ile, ukipika na nyama utaona tofauti. Panda mbegu ndani sasa hivi mwezi wa tatu, miche itoke nje katikati ya mwezi wa nne, na usiku ukiwa baridi usiwe na wasiwasi, sukuma iliyozoea nje inavumilia hata nyuzi 20 za Fahrenheit, na ikipigwa na frosti mwezi wa kumi huwa inakuwa tamu zaidi kwa sababu mmea unajaza sukari kwenye jani ili lisigande. Nafasi acheni futi moja na nusu kati ya mche na mche, najua inaonekana mbali lakini ikishakuwa kubwa utaelewa. Chuma majani ya chini, acha moyo wa juu, vile tu tunafanya nyumbani.

Adui wake ni yule kipepeo mweupe mdogo, anataga mayai chini ya jani na unapata viwavi wa kijani wanatoboa toboa yote. Nunua kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia mimea, funika tangu siku ya kwanza, sukuma haihitaji nyuki kwa hiyo inaweza kukaa imefunikwa msimu mzima. Ni rahisi kuliko kunyunyiza dawa na watoto wako hapo wanacheza.

Na sasa maneno ya taa. Dada usiweke miche dirishani ukategemea hilo jua la mwezi wa tatu, itarefuka nyembamba nyeupe na kulala chini. Nunua taa ya kawaida ya LED ya futi 4 ile ya gereji, hizo za waridi za bei ghali za mimea si lazima, iweke inchi mbili tatu juu ya miche, iwake masaa 14 mpaka 16 kwa siku, nunua na kile kisaa cha kuzima na kuwasha. Miche ikikua unainua taa. Hiyo inafanya kazi besmenti, inafanya kazi hata chini ya meza ya jikoni.

---

Binti_Kivu

Jambo dada, jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, tunaishi Iowa, na huku kwetu Wakongo na Warundi ni wengi sana, springi ikifika kila mtu anaulizana lengalenga. Ndio huo mchicha wenu.

Mbegu za mchicha usihangaike kuzitoa mbali. Maduka ya Waasia wanauza, na kampuni za mbegu wanauza kwa jina la Callaloo maana watu wa Jamaika wanaula sana, ama wanaandika tu Amaranth, uchague ile ya mboga sio ile ya maua ya kupamba. Mbegu ni ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu ndio umwage, halafu usifukie, bonyeza tu kwa kiganja na umwagilie pole pole isisombwe. Udongo ukiwa wa joto siku tatu nne tayari umetoka. Wiki ya tatu ya nne unaanza kung'oa ile iliyosongamana unapika, iliyobaki inanenepa, ikifika goti unakata juu inatoa matawi pembeni. Na mwage kidogo kidogo, sehemu leo, sehemu baada ya wiki mbili tatu, ndio unakula mpaka mwezi wa tisa. Ukimwaga pakiti yote siku moja utakula wiki mbili halafu yote inatoa mbegu.

Matembele sasa. Hayapandwi kwa mbegu na marando ya kukata huku hauyapati mwezi wa tano. Chukua kiazi kitamu, nunua kile cha organiki sababu vile vingine mara nyingi vinapuliziwa dawa ya kuzuia kuchipua, kilaze kwenye chombo cha udongo wenye unyevu, nusu kifukiwe nusu kiwe juu, kikae sehemu ya joto. Anza mwanzo wa mwezi wa nne. Vichipukizi vikifika kama inchi sita unavinyofoa, unaweka kwenye kikombe cha maji vitoe mizizi, na mwisho wa mwezi wa tano unapeleka nje. Kiazi kimoja kinatoa vichipukizi vya kutosha tuta zima. Na uzuri wake matembele hayataki udongo wa kifahari, yanatambaa tu, na mwezi wa saba joto likiwaka mboga zingine zinalegea yenyewe ndio yanashangilia.

Kuhusu mbaazi nakuambia ukweli ili usipoteze nafasi. Mbaazi zile za asili zinatoa maua siku zikiwa fupi. Kwetu karibu na ikweta mchana ni masaa 12 mwaka mzima kwa hiyo haina shida, lakini huko kwenu Ohio mwezi wa sita mchana unafika masaa 15. Mti unakua majani matupu, unapendeza kweli, ukija kutoa maua ni mwezi wa tisa mwishoni au wa kumi na frosti inafagia kila kitu. Weka kunde badala yake. Kunde unakula majani yake, unakula na mbegu zake, na hizo ziko kila duka kwa jina la black-eyed peas au cowpeas. Hiyo hiyo ndio sababu ngai-ngai yetu, nyinyi mnaita choya, huku inalimwa kwa majani tu, maua yake yanachelewa vile vile.

---

FundiMbao_Cbus

Mawili ya usalama ambayo sijaona mtu ametaja.

La kwanza, nyumba imejengwa lini? Kama ni kabla ya 1978 kuna uwezekano mkubwa kuta za nje zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, yale ya sumu, na rangi hiyo ikibanduka miaka yote inaangukia chini ukutani. Udongo unaogusana na nyumba ndio mbaya zaidi, na watoto wadogo ndio wanaumia zaidi maana mikono inaenda mdomoni. Pima udongo kabla hujapanda kitu cha kula. Chuo kikuu cha Massachusetts, UMass Amherst, wanapokea sampuli kwa posta kutoka jimbo lolote na kipimo chao cha kawaida kinaangalia na risasi humo humo, pamoja na asidi ya udongo na virutubisho. Ofisi ya ugani ya Ohio State kwenye kaunti yako nao watakuelekeza. Ukikuta risasi sio mwisho, unajenga boksi la mbao unaweka udongo mpya mbali na ukuta.

La pili, kabla ya kuchimba piga 811. Ni bure, wanakuja kuweka alama chini palipopita bomba la gesi, umeme na waya. Piga siku chache kabla, sio asubuhi ya kuchimba.

Na ukijenga boksi, mbao za misonobari za kawaida zinafaa, zitaoza baada ya miaka kadhaa unabadilisha. Usiokote mbao za zamani za kijani kwenye deki iliyobomolewa, za kabla ya 2004 nyingi zilitiwa dawa yenye sumu ya aseniki, wala yale magogo ya reli meusi, yana kriosoti. Boksi la futi 4 kwa 8 lenye kimo cha inchi 10 linakula kama yadi moja ya ujazo ya udongo. Ukinunua kwa mifuko ile ya futi moja na nusu ya ujazo ni mifuko 18, utalia. Piga simu kwa wauza udongo wakuletee kwa lori, omba mchanganyiko wa udongo na mboji.

---

MamaWawili_OH

Jamani mpaka nimekosa la kusema, asanteni sana sana. Mzee wangu wa Korogwe nimefurahi kukusikia, mume nimemsomea kaweka jembe. Binti Kivu umeniokoa na mbaazi, na hii ya mchana kuwa mrefu sijawahi kuisikia.

Nyumba ni ya miaka ya 1950 kwa hiyo nimeshtuka hilo la risasi, sampuli natuma wiki hii. Maswali matatu zaidi. Nyasi nazitoaje, maana zimeshona kama zulia. Mbolea nitumie nini. Na mama yangu anakuja mwezi wa tano kutoka nyumbani, naweza kumwambia anibebee mbegu za nyanya chungu na mchicha wa kwetu?

---

Mchunga_Mbali

Mbolea usinunue. Nje ya mji kuna wenye farasi wanagawa samadi bure, unaenda na pikapu unajaza. Kwetu Singida tumelimia samadi toka babu na babu.

---

Mzee_wa_Matuta

Ndugu Mchunga samadi naiheshimu, lakini hapa kuna jambo ambalo nyumbani hatukuwa nalo. Kuna dawa za magugu wanazopulizia mashamba ya nyasi za mifugo, farasi anakula ile nyasi, dawa inapita tumboni inatoka nzima nzima kwenye kinyesi na inakaa humo muda mrefu hata ukiozesha. Nyasi haidhuriki nayo ndio maana wanaitumia, ila nyanya, bamia, maharage, nyanya chungu, majani yanajikunja yanasokotana na mmea haukui. Ukitaka kutumia samadi muulize mwenye farasi nyasi zilipuliziwa nini. Hajui? Basi pima, jaza vikopo vichache samadi iliyochanganywa na udongo, na vingine udongo mtupu, panda maharage kote. Baada ya wiki tatu utaona mwenyewe majani yakitoka yamepinda au yamenyooka.

Na samadi mbichi usiweke springi kwenye mboga za majani. Kanuni ya kilimo hai ya Marekani ni siku 120 kabla ya kuvuna kwa mazao yanayogusa udongo. Mbichi iweke mwezi wa kumi na moja bustani ikishalala. Sasa hivi tumia mboji iliyokwisha kuiva.

Nyasi binti usizichimbe, hasa kwa nyumba hiyo. Kusanya maboksi makubwa ya kadibodi, ondoa gundi ya plastiki, yatandike juu ya nyasi yapishane kiganja kizima, lowesha mpaka yalainike, kisha juu yake ndio unaweka boksi lako na udongo mpya. Nyasi zinakufa kwa giza, kadibodi inaoza. Na umefuta kazi ya jembe mwaka huu, isipokuwa tu nguzo za wavu wa kuzuia sungura, kwa hizo bado unapiga 811.

---

SukumaNaUgali

Hiyo ya mbegu kutoka nyumbani, tafadhali mama asibebe kienyeji kwenye begi. Mbegu za kupanda kuingia Marekani zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na zitangazwe kwenye ile fomu ya forodha. Kuna kibali cha bure cha USDA kwa pakiti ndogo ndogo, unaomba mtandaoni wewe wa huku kabla, lakini kina masharti yake na mbegu za nyanya na pilipili zina ugumu zaidi. Bila karatasi zinachukuliwa pale pale uwanja wa ndege, na asipotangaza anaweza kupigwa faini. Mzazi amesafiri siku nzima asianze kuhojiwa kwa sababu ya mchicha.

Nyanya chungu zipo huku, kampuni za mbegu za asili wanauza. Warundi wanaziita intore, Wanyarwanda intoryi, na wengi wanazo, uliza kanisani ama msikitini utapewa mche. Lakini mbegu zake zianze ndani sasa hivi, wiki hii, zinachukua mpaka wiki mbili kuota na zinataka joto, weka trei juu ya friji ama nunua mkeka wa umeme. Wiki nane ndani ndio mche uko tayari.

---

Binti_Kivu

Kitu kingine dada, na wengine wanaosoma kimya. Kama una kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, mbegu na miche ya vitu vya kula unaweza kununua nayo, duka lolote linalopokea kadi na wana mbegu. Sio mbolea, sio jembe, mbegu na miche tu. Familia nyingi zetu hazijui hii na inauma kuona mtu anahesabu sarafu za pakiti ya sukuma.

Na wanaokaa apatimenti bila uwanja wasikate tamaa, miji mingi ina bustani za jamii unapewa kipande chako. Shirika la IRC wana mradi unaitwa New Roots kwenye baadhi ya miji, wanawapatia wakimbizi ardhi na mafunzo. Ulizia mapema, mwezi wa tano vipande vimeisha.

---

MamaWawili_OH

Nimeandika mpango naomba mnikosoe. Wiki hii, sampuli ya udongo, mbegu za sukuma, nyanya na nyanya chungu ndani chini ya taa. Mwanzo wa mwezi wa nne, kadibodi na maboksi mawili, kiazi kitamu kwenye udongo jikoni. Katikati ya mwezi wa nne sukuma nje na mistari ya karoti na spinachi. Jumatatu baada ya Siku ya Mama, nyanya na nyanya chungu nje. Udongo ukifika 65 mchicha, bamia, kunde. Mwisho wa mwezi wa tano matembele. Boksi moja kivuli kinaingia saa tisa, la pili jua linakaa zaidi kidogo.

---

Mzee_wa_Matuta

Mpango mzuri sana, nirekebishe vichache.

Boksi la jua zaidi weka nyanya, nyanya chungu na bamia, vinavyotoa tunda. La kivuli weka majani. Mboga inayotoa tunda inataka jua la masaa sita mpaka nane kwa siku, majani yanasamehe. Bamia loweka mbegu usiku kucha ganda ni gumu. Matembele usiyaweke ndani ya boksi, yatafunika kila kitu, yape kona yake nje kwa mtindo wa kadibodi, mradi kipimo cha risasi kirudi salama. Kikirudi kibaya tafuta ndoo kubwa zenye matundu chini.

Nyanya usizitoe Jumatatu moja kwa moja kutoka chini ya taa. Wiki moja mpaka siku kumi kabla zianze kutoka nje kidogo kidogo, saa moja kivulini, kesho masaa mawili, halafu jua la asubuhi, usiku zirudi ndani. Ukiruka hapo jani linaungua linakuwa jeupe na upepo unavunja shina.

Halafu kitu ambacho hujaandika kabisa ni wavu. Columbus sungura wamejaa mpaka mjini, watakata sukuma yote usiku mmoja ikiwa bado mche, na kwenye kunde ndio wanaanza. Nunua wavu wa kuku wa futi 3, fukia inchi sita chini au ukunje kwa nje ulale juu ya nyasi na uubane na misumari ya hema. Uwe umesimama kabla sukuma haijatoka.

---

MamaWawili_OH

Asante mzee wangu. Basi napiga 811 kesho kwa ajili ya nguzo za wavu, na maboksi ya kadibodi jirani wa pembeni kashaniambia ana lundo gereji. Binti Kivu nikishapata vichipukizi vya matembele nitarudi hapa kuuliza nivipande kwa nafasi gani.

---

Binti_Kivu

Futi moja moja kama unataka majani tu, dada. Kama unataka na viazi chini, futi moja na nusu, na usichume majani sana baada ya mwezi wa nane.